Panya wametafuna waya za gari, fundi kaniuzia sensa, bima imenipa kisogo

Wakuu, uzi huu nauandika nina hasira na sitazificha.

Gari niliiegesha siku 18 bila kuigusa. Niliporudi nikapiga stata, ikawaka, ila injini ikawa inamisi na kutetemeka kama inataka kuzima. Taa ya injini ikawaka, ya ABS, ile ya breki, ikafuata. Nikaipeleka gereji. Fundi akachomeka mashine ya kupimia, ikaleta kosa la sensa ya oksijeni, akaniambia sensa imekufa. Nikanunua. Taa ikarudi jioni ile ile. Akasema basi ni koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Nikanunua koili. Ikarudi tena.

Katika siku zote hizo hakuna aliyeinama na tochi akafuata waya kutoka kwenye soketi ya sensa mpaka unakoishia. Hapo ndipo damu inaponichemka. Mashine ikionyesha kosa la sensa, maana yake kompyuta ya gari haipati taarifa sahihi kutoka upande ule. Waya ukikatwa katikati, kosa linaweza kusomeka hilo hilo hata kama sensa ni nzima kabisa. Fundi anayebadilisha kifaa bila kupima waya kwa mita anakisia, na anakisia kwa pesa ya mteja.

Niliyegundua ni mimi mwenyewe. Niliwasha AC, nikapigwa na harufu kali ya mkojo. Nikafungua boksi la chujio la hewa ya injini na ndani nikakuta kiota: sponji iliyonyofolewa chini ya boneti, karatasi zilizochanwachanwa, mavi yenye ukubwa wa punje za mchele. Nikamulika nyuma ya injini. Ganda la waya limemenywa urefu wa kidole, shaba iko wazi inang'aa, na pembeni kuna alama za meno mawili mawili kama zimepigwa kwa patasi ndogo. Waya mmoja umekatika kabisa. Wa pili umebaki na nyuzi tatu. Na hayo yote yako karibu kabisa na mpira unaopitisha mafuta! Nimeendesha hiyo gari nikiwa na watoto siti ya nyuma, wakati shoti moja mahali pale inatosha kuiwasha moto.

Nina bima kubwa, nailipia kila mwaka bila kuchelewa. Nikapeleka picha na ripoti. Jibu lao: uharibifu wa wadudu na wanyama waharibifu haumo kwenye mkataba. Nikaenda kwa walioniuzia, kwa kuwa gari bado iko ndani ya dhamana. Nao wakasema hilo ni jambo la nje, dhamana hailigusi. Kila mlango niliogonga, panya ni wa kwangu peke yangu.

Sasa nauliza. Honda wanauza tepu maalumu ya kuzungushia waya, imetiwa kapsaisini, ile ile inayofanya pilipili iwashe, ili panya asitafune. Kampuni haiwezi kutengeneza tepu ya namna hiyo kama tatizo halijulikani. Watengenezaji wanalijua. Kwa nini basi gari isitoke kiwandani na waya zimelindwa sehemu zile zenye joto ambako panya hupenda kujificha? Na wenye bima wasituambie haiwezekani. Ujerumani kuna mnyama jamii ya kicheche anayetafuna waya na mipira ya magari usiku, na bima nyingi za kule, hata zile zisizo kubwa, zinalipa uharibifu wake. Wamekaa wakaandika kipengele. Huku kwetu tunaambiwa tukaweke mitego.

Kuna watakaokuja hapa na habari ya maganda ya waya yenye soya, kwamba soya ndiyo inayomvuta panya. Ndiyo, Marekani kuna wenye magari waliowashtaki watengenezaji kwa hoja hiyo. Mimi sibishani nao, ila panya walitafuna waya za umeme na za simu miaka mingi kabla ya soya. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, lazima ayasage kwenye kitu. Ukimpa mahali pakavu, pa joto, pasipo paka, atasagia hapo hapo.

Hasira nyingine ni kwa wanaouza vile vifaa vya kufukuza panya kwa mlio ambao binadamu hausikii. Nilinunua kimoja kabla ya haya yote, na kiota nilikikuta hatua moja kutoka kilipofungwa. Baadaye ndipo nikasoma kwamba tangu 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliziandikia barua za onyo kampuni zaidi ya 60 zinazotengeneza na kuuza vifaa vya aina hiyo, kuhusu madai yasiyo na ushahidi wa kisayansi. Miaka yote hiyo, na bado vinauzwa kwa madai yale yale.

Kwa mwenye gari inayolala siku nyingi: fungua boneti kila baada ya siku chache na umulike, kwa sababu panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye tundu la upana wa kalamu. Sumu usiweke ndani ya injini, atakwenda kufia kwenye njia za hewa na utavuta uozo wake kila ukiwasha AC. Mavi yake usiyafagie makavu. Vaa glavu na barakoa, yaloweshe kwa maji yenye dawa ya klorini, subiri dakika tano, kisha yafute. Vumbi lake linaweza kubeba virusi vya hanta.

Sensa na koili nilivyouziwa bado vizima, na fundi amekataa kuvirudisha. Bima nimewaandikia barua ya pili. Kama kuna mtu hapa aliyewahi kulipwa na bima kwa waya zilizoliwa na panya, naomba aweke maneno ya kipengele yalivyoandikwa kwenye mkataba wake, neno kwa neno. Nitayapeleka kwao.