Safari ya meli pwani ya Norway mwezi Februari: nifungashe nini kutoka Dodoma?

Mama wa Kisasa:
Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu anayefanya kazi Bergen amenikatia tiketi ya meli ya abiria inayopita pwani ya Norway hadi Kirkenes, safari ya siku 7 ndani ya mwezi Februari. Baridi ninayoijua mimi ni hii ya Dodoma ya Juni na Julai, yenye upepo mkavu wa alfajiri, ambayo ukivaa sweta na kujitanda khanga, ikifika saa nne umekwishaisahau. Kila ninayemwuliza ananiambia ninunue koti zito kuliko yote, lakini begi langu lina kikomo cha kilo 23 na sitaki koti moja lilijaze. Nibebe nini hasa, na nini niache? Nimepita miaka sitini na magoti yangu hayapatani na utelezi.

Kijana wa Makole:
Shikamoo mama. Nilisoma Tromsø, na ningekushauri hilo koti zito uliache dukani. Kinachomtesa mtu juu ya sitaha ni upepo na unyevu kuliko kipimajoto chenyewe: hata siku tulivu, meli ikiwa mwendoni, aliyesimama nje hupigwa na upepo wa mwendo wake, na nyuzijoto 5 katika upepo wa kilomita 40 kwa saa mwili huzihisi kama zimeshuka chini ya sifuri. Kwa hiyo wenyeji huvaa nguo tatu zinazopandana. Inayogusa ngozi ni fulana ya mikono mirefu pamoja na taiti, za sufu au za polista. Juu yake sweta nzuri ya sufu. Na nje kabisa jaketi jepesi lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia na urefu wa kufunika makalio. Pamba ibaki kuwa ya kulalia, kwa sababu ikishalowa jasho haikauki upesi na itakutia ubaridi. Ndani ya meli kuna joto la kutosha, hivyo mwenye koti moja kubwa hushinda akilibeba mkononi, ilhali wewe utapunguza nguo moja moja.

Bergen mvua hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na mwavuli haufui dafu mbele ya upepo wake. Tromsø, ingawa iko mbali sana kaskazini, hupata nafuu ya mkondo wa bahari wenye joto, na wastani wake wa Februari ni nyuzi chache tu chini ya sifuri. Kirkenes ndiyo kali zaidi, kwa hiyo soksi nene na mzula mzito viwekee akiba ya mwisho wa safari. Kuhusu magoti, mwambie binti akununulie huko raba zenye meno ya chuma ambazo huvalishwa juu ya kiatu ili kisiteleze kwenye barafu. Zivue kila unapoingia dukani au melini, maana juu ya sakafu laini ndizo zitakazokuangusha.

Muuza Majaketi, Sabasaba:
Mama, shikamoo. Majaketi ya namna hiyo yapo katika mitumba, ila njoo asubuhi belo linapofunguliwa, kabla wajanja hawajachagua. Ligeuze ndani nje uitazame mishono: jaketi la mvua la kweli lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono, na utepe huo ukianza kubanduka, maji yatapita hapo hata kama kitambaa kinang'aa. Halafu nyunyizia maji kidogo begani. Yakiteleza, endelea kuulizia bei, lakini yakinywewa, lirudishe. Zipu ijaribu ukiwa umevaa glovu, kwa sababu ndivyo utakavyoifunga huko. Viatu vya mtumba sikushauri, ingawa navyo ninauza, kwani soli za zamani zilizokaa stoo hubomoka bila taarifa. Nunua vipya, vizidi namba yako kwa moja ili soksi nene isibane mguu.

Mama wa Kisasa:
Marahaba, wanangu. Nami hutumia dawa za shinikizo la damu, na boti ya Unguja hunitapisha. Je, huko kuna mavazi rasmi ya chakula cha usiku?

Mfamasia wa Area C:
Shikamoo mama. Dawa zako zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake na pamoja na barua ya daktari, kwa kuwa begi kubwa likichelewa dawa nazo zitachelewa. Mawimbi hutarajiwa zaidi kwenye rasi ya Stad na katika kuvuka bahari kwenda visiwa vya Lofoten, ambako meli hutoka kwenye kinga ya visiwa. Kidonge cha kichefuchefu humezwa kabla ya kufika huko, lakini vingi vinaleta usingizi, kwa hiyo kwanza pita kwa daktari wako muangalie kama kinapatana na dawa za presha. Ongeza mafuta ya mgando ya midomo na mikono.

Mavazi rasmi hayahitajiki katika meli za pwani. Gauni la kitenge juu ya taiti linatosha. Bebea simu adapta ya pini mbili za mviringo, na ukiwa nje simu ikae mfuko wa ndani, kwani baridi humaliza chaji upesi. Pasi ya kunyooshea nguo iache nyumbani, kwa kuwa meli nyingi huikataza kwa kuhofia moto.