Naomba ushauri: magadi, chumvi na moyo kwa watu wasio na presha

Wakuu, habari zenu. Mimi na mume wangu tunaishi Moshi, wote tumevuka miaka 40, presha zetu ziko sawa. Tunataka zibaki hivyo, maana upande wa mume wangu kiharusi kimeshachukua watu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu, ambayo husaidia figo kutoa kwenye mkojo sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi na inayopandisha presha. Kwenye potasiamu sina wasiwasi sana: mtori na machalari (vyakula vya ndizi), maharage, parachichi na mchicha havikosekani kwetu, na supu tunainywa, hatuimwagi.

Kinachonisumbua ni magadi. Mama mkwe hapiki makande wala kiburu (ndizi na maharage) bila magadi, nayo yamejaa sodiamu, na yanatiwa kwa kukadiria tu. Halafu chumvi inafuata, na viungo vya pakiti juu yake!

Mlioacha magadi, maharage mnayalainishaje? Kuloweka usiku kucha kunatosha? Na mama nimwambieje bila kumvunjia heshima? Jiko ni lake, na anapika kwa upendo.

Pia, kuna anayetumia chumvi iliyochanganywa na kloridi ya potasiamu? Najua ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa figo, na mama hajawahi kupima figo, ilhali tunakula chungu kimoja. Nadhani tumpeleke akapimwe kwanza, au mnaonaje?