Tuliotoka Mombasa tukaenda kuvua besi Naivasha: hali ikigeuka mlifanyaje? Tupeane uzoefu

Chubwi Nzito: Kusi la leo hapa Mama Ngina nusura lipeperushe miavuli ya wauza mihogo, nikaikumbuka Naivasha. Sisi huku tumezoea, kaskazi ina miezi yake, kusi ina miezi yake, bamvua na maji mafu watazama mwezi tu. Kule juu siku moja ina misimu yote. Alfajiri baridi hata ndoana huishiki, saa nne maji yametulia na besi, wale samaki wa ziwani waitwao bass, wanaruka kando ya mafunjo, saa nane upepo washuka ziwa lachafuka. Nani mwengine yalimpata? Kuna vijana wataka kupanda treni mwezi ujao, wapeni habari.

Mtu wa Kuze: Hiyo saa nane usiniambie. Nilikoma.

Bint Likoni: Ngojeni niwape yangu. Tulikuwa mimi, ami yangu, binamu wawili na nahodha, kijana wa kule kule. Asubuhi ilikwenda vizuri. Watupa chambo cha mpira ubavuni mwa mafunjo, wakiacha kizame, wavuta kidogo, waacha. Besi hadonoi kama tafi, yeye hupiga mara moja na mkono wote wasikia.

Kumbe upepo umeshaanza nyuma yetu. Yale mafunjo si yote yaliyoshika chini, pande zima hukatika likaelea na ndege wake juu. Basi pande likaja likatuziba njia tuliyoingilia. Nahodha kuwasha mashini, panga la mashini likanasa magugu maji, mashini ikazima. Mawimbi ya kule ni mafupi, hayakuinui, yapiga ubavu na kuingia ndani. Mimi nateka maji kwa kopo la rangi.

Hapo ndipo mshipi wa ami ukavutwa. Alikuwa ameuacha majini. Samaki akaruka, mdomo wazi, akitikisa kichwa, na pale pale alipoangukia nikaona masikio mawili. Kisha pua. Nahodha akasema polepole, "Msisimame." Kiboko! Na samaki akimbilia kule kule. Namwambia, "Ami, kata mshipi!" Anijibu, "Nikate, kwani ulinunua wewe?" Huku azungusha rili.

Nahodha alilala tumbo akakata magugu kwa kisu, binamu wakasukuma mafunjo kwa pondo, mashini ikashika. Mimi machozi na maji ya ziwa sijui kipi kilikuwa kingi.

Mkizi: Na samaki?

Mtu wa Kuze: Ndiyo, samaki je?

Bint Likoni: Nawaeleza kiboko, mwaniuliza samaki!

Bahari Ndiyo Bahari: Kwani hiyo nayo ni kuvua? Samaki wenyewe wazungu waliwaleta kutoka Marekani mwaka wa 1929 wapate kujiburudisha. Njooni Kilindini usiku tuwaonyeshe kazi.

Mkizi: Hata muhogo asili yake Amerika Kusini, na kila jioni wewe uko Mama Ngina na pilipili na ndimu. Utuache.

Bahari Ndiyo Bahari: Muhogo hauniingizi kwa viboko.

Mzee wa Ngalawa: Vijana, mwezi ukiandama samaki hali. Ni ziwa, ni bahari, mwezi ni ule ule.

Mkizi: Mzee wangu shikamoo, lakini kule maji hayajai wala hayapwi. Kuvua besi ni mwangaza na upepo.

Mzee wa Ngalawa: Marahaba. Wewe umevua tangu lini?

Rodi Fupi: Mimi naishi huko kwa kazi, asili yangu Tudor. Tazameni maji kabla ya mwezi. Besi huwinda kwa macho. Mvua ikinyesha Nyandarua, mto Malewa huleta tope upande wa kaskazini, hamieni kwenye maji meupe. Tena siku hizi kuna samaki waitwao kapu (carp), walionekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazaana mno, nao hufukua tope. Ukisikia uzito kwenye mshipi usishangilie mapema. Na tangu ziwa lilipofurika 2020 vituo vingi vya zamani vya kuvulia vilizama, lakini miti iliyofia majini ndiyo nyumba ya besi sasa. Tupa karibu na shina, hata ndoana ikinasa ni hapo hapo. Asubuhi ya baridi vuta polepole mno.

Mtu wa Kuze: Polepole? Mimi niliambiwa nivute mbio nimkasirishe.

Rodi Fupi: Jua likishapanda, sawa. Na maji yakiwa na tope chambo cheusi, kivuli chake kinaonekana.

Mtu wa Kuze: Cheupe.

Chubwi Nzito: Tushike lipi sasa? Na upepo?

Rodi Fupi: Upepo husukuma vidagaa ukingo unaopigwa, na besi hufuata. Ukiwa na roho, vua huko.

Bint Likoni: Msimsikize! Saa sita muwe nchi kavu. Na huko nchi kavu pia angalieni, jioni viboko hutoka kula majani.

Mkizi: Kwa hiyo majini wapo na nje wapo. Tuvue kutoka juu ya mti?

Rodi Fupi: Vua na leseni mkononi, hayo mengine na nahodha anayejua ziwa.

Mtu wa Kuze: Bint Likoni, hujajibu.

Bint Likoni: Alimpata. Tukamkaanga, ami akaonja akasema hana chumvi.

Bahari Ndiyo Bahari: Si nilisema!

Chubwi Nzito: Haya, jaketi za kuokolea zinakodishwa ufukweni au vijana watoke nazo huku?

Rodi Fupi: Wenye mashua wanazo, lakini jaribuni mikanda kabla ya kupanda. Nyengine kifungo kimekatika wamefunga kamba.