Nachora hina, simu siwezi kuishika, wateja wanahama. Nifanyeje?

Ukhti_Koni
Assalaam alaykum jamani. Mie nachora hina na piko, saluni sina, namfuata mtu alipo: bibi harusi kwao, mgeni hotelini kwake Paje au Nungwi, huku huku Unguja. Wateja wote wananipata WhatsApp. Sasa bibi harusi akitaka mikono mpaka viwikoni na miguu juu ya vifundo, ndo mchana kutwa huo. Koni iko mkononi, huwezi kuiacha ua halijaisha ukashike simu, mstari ukiungwa unaonekana. Nikinyanyuka magharibi nakuta meseji zimejazana, na nusu yao washaandika "ahsante, nimeshapata". Juzi mama mmoja wa Fuoni kaniuliza asubuhi, namjibu baada ya isha keshatoa arbuni kwa mwengine.
Yale majibu ya kujituma yenyewe nayaona kama dharau. Nyie mnaojifanyia kazi wenyewe mnafanyaje?

MpigaPicha_Mlandege
Waalaykum salaam dada. Usitake kujibu kila kitu. Anayeuliza bei anataka kwanza kujua kama upo na tarehe yake iko wazi. Ingia WhatsApp Business, hifadhi majibu mafupi, ukiandika "/" na neno lako yanatokea. Langu ni hili: "Niko kazini. Nitumie tarehe, mtaa na idadi ya watu. Baada ya alasiri nakupa bei." Bibi harusi akienda kunywa maji, wewe tayari umeshamjibu mtu. Lakini alasiri ikipita kimya, bora usingeandika kitu.

Bint_Wete
Nami niongee kama mteja. Nilipoolewa sikumchukua aliyejibu mwanzo, nilimchukua aliyenambia bei. Yule wa mwanzo alijibu hapo hapo: "njoo inbox". Na mie nimo inbox! Weka picha na bei kwenye katalogi, shoga, maswali yatapungua wenyewe.

Mzee_wa_Darajani
Mteja asieweza kungoja nusu siku atakusumbua mpaka kwenye malipo. Mwache aende zake.

MpigaPicha_Mlandege
Mzee wangu, shikamoo, kwa harusi ya mwezi ujao nakubali. Mgeni wa Paje je, ambaye keshokutwa anaruka? Huyo hangoji, na wengine huanza kuuliza wakiwa bado kwao. New York ikiwa saa tisa mchana, huku ni saa nne usiku, na wakati wao wa baridi ni saa tano. Hapo ndipo jibu la kujituma linapofaa: lipangie saa za usiku tu, liwe kwa Kiingereza, useme utajibu asubuhi. Na saa uiandike kwa hesabu yao, 8:00 AM. Ukimwambia "saa mbili" kwa hesabu yetu, atakaa na simu usiku wa manane.

Mama_Amani
Hifadhi na jibu la wanaoomba "hina nyeusi". Piko ya rangi ya nywele ina kemikali inaitwa PPD, ngozi nyengine inatoka malengelenge. Mwambie kabla hajalipa, umtajie hina ya kawaida. Hili usilifanyie haraka hata akikusukuma.

Ukhti_Koni
Shikamoo mama, hilo nimelishika. Ahsanteni nyote, katalogi naianza leo. Limebaki moja: mama zao hawaandiki, wanatuma sauti ndefuu, na sauti siwezi kusikiliza mbele ya mteja mwengine.

Bint_Wete
Huna mdogo wako nyumbani? Namba moja ya WhatsApp inaunganishwa na vifaa vyengine mpaka 4. Yeye asikilize, aulize tarehe na mtaa, akuandikie kwa ufupi. Ila bei asitaje. Wangu alimwambia mtu nauli imo humo humo kwenye bei, kumbe harusi iko Kengeja, kusini Pemba, na mie niko Wete, kaskazini.