Mrejesho: Leza na vanishi ya mchoro wa rangi za mafuta

Niliuliza kama leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, ile ya kusafishia mawe, inaweza kuondoa vanishi iliyogeuka njano juu ya mchoro. Asanteni sana kwa majibu: isiguse mchoro! Mwanga wake hupenya vanishi hadi kwenye rangi, na rangi nyeupe ya madini ya risasi au vermilioni (rangi nyekundu ya zebaki) huweza kuwa nyeusi.

Iliyofaa ni leza nyingine, Er:YAG ya nanomita 2940. Mwanga wake hufyonzwa na hidroksili (vikundi vya oksijeni na hidrojeni) za vanishi iliyozeeka, hivyo hukomea juu juu. Mhifadhi wa michoro alijaribu pembeni kwa nishati ndogo, akaipandisha taratibu, kisha akapangusa mabaki kwa pamba yenye kiyeyushi hafifu. Aliacha kusudi utando mwembamba wa vanishi juu ya rangi. Miwani ya leza na kifyonza moshi ni lazima.