PS4 ya mtumba yenye gemu 9 ndani, leo zote zina kufuli. Nina haki gani hapa?

KijanaWaTabata:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijaenda kumvaa mtu Kariakoo. Mwezi wa pili nilinunua PS4, ile mashine ya gemu ya Sony, ya mtumba laki 5 na nusu, jamaa akaiwasha pale pale dukani nikaona gemu 9, ya mpira imo, ya magari imo, akaniambia broo hapa umelamba dume, mwaka mzima hununui gemu. Na kweli tumecheza, madogo wa mtaani wanajazana sebuleni mpaka wife analalamikia umeme. Jumapili nawasha, gemu zote 9 zina alama ya kufuli, nikibonyeza naambiwa leseni haijathibitishwa. Zinazopiga mzigo ni diski 2 tu nilizonunua mwenyewe Makumbusho. Nimempigia jamaa ananijibu "si mashine inawaka?" Sasa nina haki au ndo nimeliwa? Na hizo diski 2 nikitaka kuziuza ni halali kweli, maana kwenye kasha kuna maandishi kibao ya hakimiliki.

MzeeWaKona:
Dume ulilamba mkuu, ila la mwenyewe 😂

FundiPedi:
Pole kaka. Hizo gemu hazikuwa zako wala za mashine, zilikuwa za kupakua mtandaoni, zimefungwa kwenye akaunti yake ya Sony. Alichofanya aliiweka hiyo PS4 kuwa mashine kuu ya akaunti yake, ndo maana hata wewe ukiingia na akaunti yako zinafunguka. Sasa akiamua kuziondoa mashine zote kwenye akaunti yake, na anaweza kufanya hivyo kwa simu tu akiwa amekaa anakunywa chai, kwako zinajifunga siku utakayounganisha intaneti. Huenda hizo hizo gemu kashamuuzia mwingine. Hapa kwangu nimeshaletewa kesi kama yako tatu mwaka huu, wote wanadhani mashine mbovu. Usikubali mtu akuflashie, yaani akuwekee programu upya.

WakiliMtoro:
Mkuu mimi naona una hoja. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, sura ya 214, muuzaji anatakiwa awe na haki ya kuuza anachokuuzia, na huyu hakuwa nayo maana Sony wenyewe kwenye masharti yao hawaruhusu kuuza au kuhamisha akaunti. Halafu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, kwa hiyo Tume ya Ushindani unaweza kupeleka malalamiko. Ila bila ushahidi utazunguka sana. Ulipewa risiti? Iliandikwa nini?
Kuhusu diski we uza bila wasiwasi, unauza kitu chako ulichoshika mkononi, haramu ni kuchoma kopi. Gemu za kupakua ndo balaa, hata Ulaya zimewashinda. Ufaransa chama cha walaji kiliwashtaki Valve wenye Steam, duka la gemu za kupakua mtandaoni, 2019 mahakama ya Paris ikasema mteja auze tu gemu alizopakua, wakakata rufaa, 2022 ikatenguliwa.

DiskiTu:
Ndo maana mimi nauza diski tu na mtu asinishauri lolote. 2013 Microsoft walitaka kubana diski za mtumba kwenye Xbox One, mashine yao ya gemu, watu walichachamaa, mwezi huo huo wa sita wakarudi nyuma wenyewe. Sony wakati ule wakatoa video ya sekunde chache, jamaa anampa mwenzake kasha la gemu mkononi, kwisha, huo ndo utaratibu wa kuazimana. Sasa hivi wamepata njia nyingine, wanatoa PS5 isiyo na sehemu ya diski, hapo utamuuzia nani? Dogo ukinunua diski igeuze, mulika nyuma kwa tochi ya simu, mikwaruzo ya kuzunguka kama sahani ya santuri ndo mibaya, hiyo midogo midogo ya kukatisha mara nyingi inasoma tu. Hizo zako mbili ni zipi? Inbox.

KijanaWaTabata:
@DiskiTu siuzi kwanza, ndo zimebaki hizo.
@WakiliMtoro risiti ya mashine ya EFD sikupewa, alisema mtandao uko chini, lakini nimepekua droo nimepata karatasi aliyoandika kwa mkono, ina muhuri wa duka: "PS4 yuzidi 1 + pedi 2 + gemu 9 = 550,000". Hiyo inafaa?

WakiliMtoro:
Gemu 9 kaandika mwenyewe?? Piga picha sasa hivi kabla wino haujafutika, na ukienda usimpe ile yenyewe aishike.

KijanaWaTabata:
Nimeshapiga. Kesho saa nne asubuhi nipo dukani kwake, naenda na FundiPedi kama ana nafasi.

FundiPedi:
Nauli yako tu.