Naomba ushauri: chumba cha kushonea, kutu na meza ya kukatia

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nataka kupanga chumba cha kushonea nyumbani, hapa Wete, Pemba. Ni mita 3 kwa 2.5, dirisha moja, soketi moja.

Kinachonikera zaidi ni unyevu wa masika na hewa ya chumvi. Sindano ikishika kutu, hata kidogo tu penye tundu, uzi unakwaruzika na kukatika, na kanzu nyeupe inaingia doa la kahawia ambalo halitoki kwa sabuni. Sindano nazitia kwenye kopo la kufunga lenye mchele mkavu. Cherehani naifuta na kuitia mafuta. Vitambaa je? Kabati la mbao lililofungwa naona linaleta ukungu, rafu wazi zinaleta vumbi. Bora lipi?

Meza ya kukatia iwe na kimo cha sentimita 90, mgongo usiume, na upana 120, kitenge kitandazike chote. Ikiwa ya kukunja ukutani, bawaba gani zitahimili bila kutu?

Pasi ya wati 1,000 na mota ya cherehani sitaki zikae kwenye ekstensheni moja, waya hupata moto. Soketi ya pili iwekwe ukuta gani?